Matokeo "Yenye Maana" Yana Maana Gani? Uhakiki wa Matumizi ya 0.05 katika Utafiti Wetu wa Lugha

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona vyema tuyaweke kando kidogo masuala ya sarufi na fasihi yaliyozoeleka katika kurasa hizi, ili tuhakiki jambo moja linalozidi kuota mizizi katika tasnifu za wanafunzi wetu na katika makala za walimu wao. Jambo lenyewe ni namna tunavyozitumia takwimu, hasa ile kauli fupi inayopatikana katika sura ya nne ya tasnifu nyingi za ufundishaji wa Kiswahili: "Thamani ya p ni ndogo kuliko 0.05, kwa hiyo matokeo ni muhimu kitakwimu na mbinu hii inafaa." Baada ya kauli hiyo mwandishi huweka nukta, akahamia sura ya tano, na huko akapendekeza Wizara ibadilishe mtaala.

Kati ya nusu ya kwanza ya kauli hiyo na nusu ya pili pana bonde pana ambalo halijajengewa daraja. Makala haya yanakusudia kulionyesha bonde hilo, kueleza lilivyotokea, na kupendekeza namna wanafunzi na wasimamizi wa idara za Kiswahili wanavyoweza kuandika matokeo yao kwa uaminifu zaidi.

Tunalileta suala hili kwa sababu lina uzito kwetu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Pendekezo la namna hiyo huzaa maswali: Watoto wafundishwe kwa mbinu gani? Kwa vitabu vipi? Waanze na mazungumzo au na sarufi? Wanaotarajiwa kutoa majibu ni sisi na wanafunzi wetu. Ikiwa ushahidi wetu ni wa kauli ile moja, basi mwalimu wa shule ya kijijini ataacha mbinu inayomfaa na kushika isiyomfaa, naye hatajua kosa lilianzia kwetu.

Chimbuko la kipimo hiki

Mwaka 1908 William Gosset, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la siri la Student. Makala hayo ndiyo yaliyozaa jaribio la t ambalo wanafunzi wetu hulitumia sana. Gosset alikuwa na shida ya kikazi: alipaswa kutoa uamuzi kutokana na sampuli ndogo za shayiri na bia.

Baada yake alikuja Ronald Fisher, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1925 alieleza kuwa ni rahisi kwa mtafiti kutumia kizingiti cha 0.05, yaani mara 1 katika 20. Mwaka 1935 alitoa mfano ambao umekuwa maarufu. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Sisi tunaochemsha chai na maziwa katika sufuria moja tunaweza kucheka, lakini mantiki ya Fisher ni nzuri. Bibi anapewa vikombe 8, na katika 4 maziwa yametangulia. Anatakiwa kuvichagua hivyo 4. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70, na iliyo sahihi kabisa ni 1. Kama bibi hajui lolote na anabahatisha tu, uwezekano wa kupatia vyote ni 1 katika 70, yaani takriban 0.014. Hiyo ndiyo thamani ya p: ikiwa hakuna chochote ila bahati, ni mara ngapi tungepata matokeo kama haya tuliyoyapata, au yaliyopita haya?

Tazama, ndugu msomaji, jinsi swali hilo lilivyo dogo. Halisemi bibi ana kipaji cha kiasi gani. Wala halisemi kipaji hicho kina faida gani kwa mnywaji chai. Linatuambia tu kwamba dhana ya bahati tupu imeanza kuyumba. Fisher mwenyewe aliandika mwaka 1956 kwamba hakuna mwanasayansi anayeshikilia kizingiti kimoja kisichobadilika, mwaka hadi mwaka na katika kila hali, kukatalia madai. Kwake 0.05 ilikuwa ishara ya kumwambia mtafiti: hapa pana jambo, rudia jaribio.

Kwa upande mwingine, mwaka 1933 Jerzy Neyman na Egon Pearson walikuwa wametoa utaratibu wao, unaohusu maamuzi: mtafiti aweke kanuni kabla ya kuanza, akijua atakosea mara ngapi kwa kukubali jambo la uongo na mara ngapi kwa kukataa jambo la kweli. Taratibu hizi mbili hazifanani, na wenyewe walibishana sana. Vitabu vya mbinu za utafiti vilivyofuata vilizichanganya katika chungu kimoja, na ndicho chungu tunachokipakua hadi leo. Ishara ya Fisher imekuwa hukumu, na hukumu ya Neyman na Pearson imepoteza masharti yake.

Kosa la kwanza: kugeuza sentensi

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni kudhani kwamba p ya 0.03 ina maana kuwa kuna uwezekano wa asilimia 3 tu kwamba nadharia tete kanushi, yaani dai kwamba hakuna tofauti, ni ya kweli. Kutoka hapo mwandishi hujiamini kwa asilimia 97.

Walimu wa lugha wanapaswa kuliona kosa hili haraka, kwa kuwa ni kosa la kugeuza sentensi. Mtu aliyezaliwa na kukulia Zanzibar karibu kwa hakika anajua Kiswahili. Je, mtu anayejua Kiswahili karibu kwa hakika amezaliwa Zanzibar? Hasha. Kuna Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi, na kuna sisi wenyewe hapa. Sentensi ya kwanza haiwezi kugeuzwa ikabaki kweli. Vivyo hivyo, "kama hakuna tofauti, matokeo haya ni nadra" haiwezi kugeuzwa ikawa "kwa kuwa tumepata matokeo haya, ni nadra kwamba hakuna tofauti." Ili kufika kwenye sentensi ya pili tunahitaji kujua mengine: dai lilikuwa na mashiko gani kabla ya utafiti, sampuli ilikuwa kubwa kiasi gani, na ni madai mangapi mengine yalijaribiwa. Mwaka 2005 John Ioannidis alichapisha makala yaliyosomwa sana, akionyesha kwa hesabu kwamba katika nyanja zenye sampuli ndogo, athari ndogo na uhuru mwingi wa kuchagua uchanganuzi, matokeo mengi yanayochapishwa huweza kuwa ya uongo hata kama kila moja limevuka 0.05.

Kosa la pili: neno lenyewe

Hapa tunaingia katika uwanja wetu. Neno la Kiingereza "significant" tumelitafsiri kwa namna nyingi: "muhimu", "ya maana", "kubwa", "dhahiri". Katika tasnifu moja unaweza kukuta matatu kati ya hayo. Kila moja lina kasoro ileile, kwamba msomaji wa Kiswahili hulipokea kwa maana yake ya kila siku. Tofauti "kubwa" ni kubwa. Jambo "muhimu" ni la kushughulikiwa. Mwandishi akiongeza "kitakwimu" nyuma yake, msomaji hulichukulia kama nakshi, pengine hata kama uthibitisho wa ziada: kumbe ni muhimu, tena kwa takwimu!

Kwa kweli kipimo hakikuzungumzia ukubwa wala umuhimu. Sisi tunapendelea neno "bainifu", ambalo wanaisimu wetu tayari wanalijua kutokana na sifa bainifu za fonimu. Tofauti bainifu kitakwimu ni tofauti inayoweza kubainika katikati ya kelele za bahati, basi. Neno hili halidai kwamba tofauti ni kubwa wala kwamba ina faida. Tunafahamu kwamba lina dosari yake: katika fonolojia sifa bainifu hutenganisha maana za maneno, na mwanafunzi anaweza kuzichanganya dhana hizi mbili. Hata hivyo dosari hiyo ni ndogo kuliko ile ya kumwambia mwalimu kwamba tofauti ya alama moja katika mtihani ni "kubwa". Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili sisi wenyewe ndio tunaomnyima msomaji maana.

Kosa la tatu: kusahau ukubwa wa tofauti

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mtafiti analinganisha mbinu mbili za kufundisha ngeli za nomino. Mtihani una alama 100, na alama za wanafunzi zimetawanyika kwa mchepuko sanifu wa 12 katika kila kundi.

Katika utafiti wa kwanza kila kundi lina wanafunzi 2,000. Kundi la mbinu mpya limezidi kwa alama 1. Jaribio la t linatoa takriban 2.64, na p inakuwa takriban 0.008. Matokeo "muhimu sana", nyota mbili katika jedwali. Katika utafiti wa pili kila kundi lina wanafunzi 15, na kundi la mbinu mpya limezidi kwa alama 6. Jaribio la t linatoa takriban 1.37, na p ni takriban 0.18. Matokeo "si muhimu".

Sasa tumwulize mwalimu wa darasani: lipi lingembadilishia kazi yake, alama 1 au alama 6? Tukitazama mipaka ya asilimia 95, utafiti wa kwanza unasema tofauti halisi huenda ipo kati ya robo alama na alama moja na robo tatu. Yaani tuna uhakika mzuri kwamba mbinu mpya inaleta jambo dogo sana. Utafiti wa pili unasema tofauti huenda ipo popote kati ya hasara ya alama 3 na faida ya alama 15. Yaani hatujui bado, ila kuna tumaini la kufuatilia. Kauli ya 0.05 imeligeuza jambo dogo kuwa kubwa, na jambo lisilojulikana kuwa lisilokuwepo.

Tulitilie mkazo hilo la mwisho. Kutokuona si kutokuwepo. Hata hivyo makosa haya hayako kwetu peke yetu. Mwaka 2019 watafiti Valentin Amrhein, Sander Greenland na Blake McShane walieleza katika jarida la Nature kwamba katika makala 791 kutoka majarida matano ya kisayansi, takriban nusu yalikosea kwa kudai "hakuna tofauti" pale ambapo kizingiti hakikuvukwa tu.

Kosa la nne: kuvua mpaka samaki apatikane

Hojaji za wanafunzi wetu mara nyingi huwa na maswali 20 au zaidi. Mwanafunzi huingiza majibu katika programu ya SPSS, kisha huanza kulinganisha: wavulana na wasichana, wa mjini na wa vijijini, wa bweni na wa kutwa. Tuseme kwa kweli hakuna tofauti yoyote mahali popote. Akifanya majaribio 20 yasiyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau moja lililo chini ya 0.05 ni asilimia 64. Hilo moja ndilo linaloingia katika ikisiri. Mengine 19 hayasikiki tena.

Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walilithibitisha jambo hili kwa mzaha wenye funzo. Walichukua wanafunzi wa chuo kikuu, wengine wakasikilizishwa wimbo wa Beatles uitwao "When I'm Sixty-Four" na wengine muziki mwingine. Kwa kuchagua vipimo vya kuripoti na vya kunyamazia, walipata matokeo yenye p ya 0.040 yanayoonyesha kwamba waliosikiliza wimbo wa Beatles walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Si kwamba walijihisi vijana. Eti umri wao wenyewe ulipungua. Hawakughushi data hata moja. Kila hatua waliyoichukua ilikuwa ya aina inayokubalika katika makala nyingi za wakati huo.

Majarida nayo yana lawama. Yakichapisha tu yaliyovuka kizingiti, yasiyovuka hubaki ndani ya droo za watafiti, na msomaji huona upande mmoja wa sarafu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka 0.05. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizovuka.

Wakati uhai wa watu unapohusika

Msomaji anaweza kusema kwamba ngeli na nyimbo hazimdhuru mtu. Basi tutoe mfano unaogusa uhai. Mwaka 2003 nchini Thailand ulianza utafiti mkubwa wa chanjo dhidi ya virusi vya UKIMWI, uliojulikana kama RV144, wenye watu 16,402 waliojitolea. Tarehe 24 Septemba 2009 ilitangazwa kwamba chanjo ilikuwa imepunguza maambukizi kwa asilimia 31.2, na p ilikuwa 0.04. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo yoyote ya virusi hivyo kuonyesha dalili ya kukinga, na habari ikaenea duniani kote.

Wiki chache baadaye, matokeo kamili yalipotolewa, ilionekana kwamba uchanganuzi ulikuwa umefanywa kwa njia tatu. Ukiwahesabu watu wote walioingizwa katika utafiti, walioambukizwa walikuwa 56 upande wa chanjo na 76 upande wa dawa bandia: kinga ya asilimia 26.4, p ya 0.08. Ukiwaondoa watu 7 waliogundulika kuwa walikuwa tayari wameambukizwa kabla ya chanjo ya kwanza, idadi zinakuwa 51 na 74: kinga ya asilimia 31.2, p ya 0.04. Ukiwahesabu tu waliofuata masharti yote ya chanjo, idadi ni 36 na 50: kinga ya asilimia 26.2, p ya 0.16.

Hatusemi kwamba kuwaondoa wale 7 kulikuwa hila. Sababu yake inaeleweka. Tunachosema ni kwamba njia zote tatu zinatoa habari karibu moja: huenda kuna kinga ndogo, na mashaka ni mengi. Hata kwa ile njia iliyovuka kizingiti, mipaka ya asilimia 95 ilianzia kinga ya takriban asilimia 1 hadi asilimia 52. Lakini kwa kuwa moja ilikuwa upande huu wa 0.05 na nyingine mbili upande ule, watu waligawanyika kana kwamba kuna chanjo mbili tofauti, moja inayofaa na nyingine isiyofaa. Watu 7 kati ya 16,402 ndio waliolisogeza jambo kutoka "imeshindwa" kwenda "imefaulu".

Mwaka 2016 chanjo ya mtindo huo, iliyorekebishwa kulingana na aina ya virusi vya kusini mwa Afrika, ilianza kujaribiwa Afrika Kusini kwa watu 5,407. Februari 2020 ilitangazwa kwamba utoaji wa chanjo umesimamishwa: walioambukizwa walikuwa 129 upande wa chanjo na 123 upande wa dawa bandia. Jaribio hili halithibitishi peke yake kwamba la Thailand lilikuwa bahati tupu, kwani chanjo ilibadilishwa na mazingira ya maambukizi ni tofauti. Lakini linatukumbusha kwamba p ya 0.04 haikuwa ahadi. Watafiti walifanya vyema kurudia jaribio badala ya kuanza kuigawa chanjo. Hilo ndilo Fisher alilolikusudia, na ndilo tunalolisahau katika tafiti zetu za elimu, ambazo karibu hazirudiwi kabisa.

Kosa la tano: kusahau masharti

Kuna jambo lingine linalozihusu sana tasnifu za idara kama zetu. Hesabu ya p ina masharti: watafitiwa wawe wamepangwa katika makundi kwa bahati nasibu, na kila mmoja awe peke yake, asifungamane na mwenzake. Mwanafunzi wetu hufanya nini? Huchukua Kidato cha Pili A na Kidato cha Pili B. Darasa A linafundishwa kwa mbinu mpya na mwalimu mmoja, darasa B kwa mbinu ya zamani na mwalimu mwingine. Kila darasa lina wanafunzi 50, kwa hiyo huandika kwamba sampuli yake ni 100.

Kwa kweli sampuli yake ni madarasa 2. Wanafunzi 50 wa darasa A wana mwalimu mmoja, kelele moja dirishani, ratiba moja, pengine vitabu vilevile vichache. Tofauti ikitokea, hatuwezi kujua kama imeletwa na mbinu au na mwalimu. Programu ya kompyuta haijui hayo. Itatoa p ya 0.001 bila haya, kwa sababu imeambiwa kuna watu 100 wasiofungamana. Vyaelea, vimeundwa, na usipotazama vilivyoundwa utazama navyo. Kasoro hii haiponywi na jaribio lolote la takwimu. Inaponywa kwa kupanga utafiti vizuri, au kwa kukiri kwamba utafiti wetu ni uchunguzi kifani wa madarasa mawili, jambo ambalo lina thamani yake na halina aibu.

Wengine wamesema nini?

Mwaka 2015 jarida moja la saikolojia ya jamii, Basic and Applied Social Psychology, lilipiga marufuku thamani za p katika kurasa zake. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko lenye kanuni sita. Miongoni mwake ni kwamba p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo, na kwamba maamuzi ya kisayansi au ya kisera yasitegemee tu kama kizingiti kimevukwa. Mwaka 2018 kundi la watafiti 72 lilipendekeza kizingiti cha madai mapya kishushwe hadi 0.005. Mwaka 2019 yale makala ya Nature tuliyoyataja yaliungwa mkono na watu zaidi ya 800 waliotaka istilahi yenyewe iachwe.

Wapo wanaopinga. Ioannidis, yuleyule wa mwaka 2005, alionya mwaka 2019 kwamba tukiondoa kizingiti bila kuweka kanuni nyingine, kila mtafiti atajipa ushindi kwa maneno matamu. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwetu tunaosimamia wanafunzi wengi kwa muda mfupi. Kushusha kizingiti nako kunahitaji sampuli kubwa ambazo mwanafunzi anayejilipia nauli hawezi kuzipata. Msimamo wetu ni wa kati: mkulima akijikata kwa jembe, jembe halitupwi, lakini anafundishwa kulishika. Thamani ya p ibaki, ila ishuke kutoka kiti cha hakimu hadi kiti cha shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi.

Mapendekezo

Kwa wanafunzi na wasimamizi tunapendekeza yafuatayo:

1. Anza na tofauti yenyewe kwa kipimo ambacho mwalimu anakielewa: alama ngapi, makosa mangapi, wanafunzi wangapi. Kisha toa mipaka yake. Thamani ya p ifuate nyuma.

2. Andika thamani ya p kama ilivyo. Usijifiche nyuma ya nyota. SPSS ikionyesha 0.000, andika "chini ya 0.001", kwa sababu hakuna uwezekano uliofutika kabisa. Na p ya 0.06 usiiandikie kwamba "imekaribia kuwa muhimu", kwani hutasema 0.04 "imekaribia kutokuwa muhimu".

3. Taja idadi ya majaribio yote uliyoyafanya, pamoja na yasiyokupa ulichotaka. Ikiwezekana, orodhesha katika pendekezo la utafiti ni malinganisho gani utakayoyafanya, na msimamizi aitunze nakala.

4. Eleza jinsi makundi yalivyopatikana. Kama ni madarasa mawili yaliyokuwepo tayari, sema hivyo, na hitimisho lako lisivuke madarasa hayo.

5. Chagua istilahi moja, ifafanue katika sura ya kwanza, na uishike hadi mwisho.

6. Wasimamizi na watahini, tuache kumshusha alama mwanafunzi kwa sababu tu matokeo yake hayakuvuka 0.05. Tunapofanya hivyo tunamfundisha kuvua. Utafiti uliopangwa vizuri ukakosa tofauti ni utafiti uliofanikiwa.

Tumalize kwa kuionyesha kauli ile ya mwanzo ikiwa imeandikwa upya, tukitumia takwimu za mfano wetu wa pili: "Wanafunzi 15 waliofundishwa kwa mbinu mpya walipata wastani uliozidi wa wenzao 15 kwa alama 6 kati ya 100. Kwa kuwa sampuli ni ndogo, tofauti halisi huenda ipo kati ya hasara ya alama 3 na faida ya alama 15 (p = 0.18). Utafiti huu hautoshi kupendekeza mbinu hii wala kuikataa. Tunapendekeza urudiwe katika madarasa mengi zaidi." Kauli hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haimshawishi Waziri. Lakini kila neno lake linaweza kutetewa mbele ya mtahini, na mwalimu atakayeisoma atajua hasa tunachokijua na tusichokijua. Tunawaomba walimu wenzetu waijaribu katika usimamizi wa mwaka huu, na watuletee maoni yao, hasa kuhusu istilahi ya "bainifu", ili tuyachapishe katika matoleo yajayo.